Kifaa cha Tano

Saa mbili na robo asubuhi fundi wa intaneti alivua viatu mlangoni kwa Mwalimu Mkuu, akaingia sebuleni na begi lake, akakuta kochi limesogezwa mpaka karibu libusu televisheni. Mashine ya gemu ilikuwa chini ya televisheni, imefutwa vumbi kama kombe la shule. Kwenye kioo paliandikwa kwamba imeshindwa kujiunga na mtandao.

"Simu zinashika vizuri," Mwalimu Mkuu alisema. "Inayokataa ni hii tu. Na saa nne nina mechi."

Shule zilikuwa zimefungwa. Walimu wakuu sita walikuwa wameanzisha ligi ya mpira wa kwenye mashine, kila mmoja akicheza akiwa kwake, na huyu alikuwa wa pili kutoka mkiani. Mtu aliyezoea kutangaza nafasi za wanafunzi mbele ya paredi hawezi kulifurahia jambo kama hilo.

Fundi alianza na yale ambayo mafundi wote huanza nayo. Aliizima ruta, akahesabu mpaka thelathini, akaiwasha. Aliandika paswadi upya, herufi moja moja. Aliibeba mashine hadi chumba cha kusomea, ilikofungwa ruta, ikashika mara moja. Akairudisha sebuleni, ikagoma. Katikati palikuwa na korido fupi tu, bila kabati wala friji la kusingizia.

Dada akapita koridoni na ndoo ya kupigia deki, na kwenye kioo mistari yote minne ya mtandao ikajaa. Alipofika jikoni ikaisha.

Dada ndiye aliyefanya kazi za nyumba ile. Alikuwa na miaka kama ishirini, mwembamba, na wote walimwita Dada ingawa hakuna hata mmoja aliyekuwa ndugu yake.

"Samahani, hebu rudi kidogo," fundi alimwambia. "Simama hapo. Hapo hapo."

Mistari ikajaa.

"Aa, kumbe ndiyo hivyo," alisema Mwalimu Mkuu, kama mtu aliyeonyeshwa swichi aliyokuwa akiitafuta.

Fundi naye hakushangaa. Katika miaka kumi na moja ya kazi aliwahi kukuta mtandao ukipitia kwa mlinzi wa hospitali, na mara nyingine kwa bibi ambaye wanawe walimweka chumba cha nyuma wakasahau kumtembelea. Alifungua kompyuta yake, akaita orodha ya vifaa vilivyojiunga na ruta. Simu ya Mwalimu Mkuu. Simu ya mkewe. Televisheni. Mashine ya gemu. Cha tano kiliandikwa: Simu ya Dada.

"Haiwezekani," Mwalimu Mkuu alisema. "Hiyo ninayo mimi."

Akafungua droo ya meza yake. Simu ilikuwa humo, imezimwa, betri imetolewa na kutiwa kwenye bahasha yake. Shuleni alinyang'anya simu za wanafunzi kila wiki, akazifunga karatasi yenye jina, tarehe na kosa, na nyumbani hakuona sababu ya kubadili utaratibu. Kwenye karatasi ya simu hii alikuwa ameandika kwa mwandiko wake mzuri: Alikuwa akiongea na mama yake, maziwa yakamwagika. Chini yake palikuwa na muhuri usemao simu itarudishwa mwisho wa muhula. Dada hakuwa na muhula, kwa hiyo hapakuwa na mtu aliyejua mwisho wake ni lini.

"Simu ikikaa mbali na mwenyewe muda mrefu, sauti za wanaoipigia hutafuta pa kutua," fundi alieleza. "Zimetua kwa Dada mwenyewe. Na mtandao wa nyumba umefuata njia hiyo hiyo."

Ndipo Dada aliposema, akiwa bado amesimama pale pale, mikono imelowa.

"Fundi, sauti ya mama yangu inapita ndani yangu kila siku saa nne kasoro. Namsikia kabisa. Namjibu, hanisikii. Wiki iliyopita alikuwa anauliza kama nakula. Jana kauliza kama niko hai."

Fundi akatazama mstari wa kifaa cha tano. Kulikuwa na mishale miwili. Wa kushuka, wa sauti zinazoingia, ulikuwa wa kijani. Wa kupanda, wa zinazotoka, ulikuwa mwekundu, na pembeni yake palikuwa na kitufe kimoja cha kuuruhusu. Kazi ya kidole kimoja.

"Nikibonyeza hapa atamjibu," alisema.

"Na gemu?" Mwalimu Mkuu aliuliza.

Fundi alikuwa mkweli katika mambo ya kazi. "Watagawana, Mwalimu. Nusu kwa nusu."

"Nusu haitoshi kwa mechi. Uache hivyo hivyo. Tena ufunge kabisa, isije ikajifungua yenyewe."

"Mwalimu, hata dakika moja tu," Dada alisema. "Nimwambie niko hai, basi."

"Utaratibu ni utaratibu."

Kazi ya fundi ilipimwa kwa nyota, na nyota zilitoka kwa mwenye nyumba. Aliufunga mshale wa kupanda, akaweka na paswadi juu yake. Mwalimu Mkuu alimwomba pia abadilishe lile jina, halikumpendeza kuliona kwenye orodha. Fundi akafuta "Simu ya Dada", akaandika "Kiongeza mtandao". Hakumtazama Dada usoni wakati akiandika. Aliona aibu, na aibu hiyo ilimkaa shingoni mpaka barabarani, lakini nyota zilikuja zote tano.

Mechi ile Mwalimu Mkuu alishinda mabao matatu kwa sifuri. Mkewe, ambaye ni mtu wa huruma, alimpelekea Dada kigoda cha kukalia pale koridoni.

Baada ya miezi miwili, Jumamosi moja, fundi aliitwa tena, mtandao umekuwa wa kukatikakatika. Dada alikuwa koridoni, ameketi kwenye kigoda, mikono magotini. Fundi aliiona swichi ya taa iliyokuwa ukutani nyuma yake, aliiona kupitia kifuani pake, mpaka alama ya kidole iliyokuwa juu yake. Alimsalimia. Hakuitikia. Akapima mawimbi mbele yake, kisha nyuma yake.

"Kimechoka," alisema, na akajisikia vibaya kwa neno hilo, lakini ndilo linaloandikwa kwenye fomu. "Hakitafika mwisho wa mwezi."

"Hakuna neno," mke wa Mwalimu Mkuu alisema. "Mdogo wake anakuja Ijumaa. Mama yao kamtuma aje kumwangalia dada yake, maana eti hapatikani. Nimemwambia akifika akae tu, kazi zipo."

"Atahitaji kuunganishwa upya," Mwalimu Mkuu aliuliza, "au atajiunga mwenyewe?"

"Anakuja na simu?"

"Anayo," mke alidakia. "Mama yao kamnunulia, ili ampelekee habari."

"Basi atajiunga mwenyewe," fundi alisema.

Mwalimu Mkuu alikuwa tayari ameshatoa karatasi. Aliandika tarehe ya Ijumaa, akaacha nafasi ya jina na nafasi ya kosa, akagonga muhuri. Fundi akakunja nyaya zake, akaweka alama kwenye fomu palipoandikwa kwamba tatizo limetatuliwa.

Alikuwa akipita koridoni kwenda kuvaa viatu Dada alipofumbua mdomo. Sauti iliyotoka ilikuwa ya mwanamke mtu mzima, mwenye kikohozi, anayeongea kutoka mbali.

"Haloo? Haloo, mwanangu? Upo?"

Fundi alilelewa na adabu. "Yupo, mama," aliitikia, kwa sauti ya kutosha kabisa.

"Haloo?" ile sauti ikauliza tena. "Haloo?"

Ilikuwa saa nne kasoro. Fundi akavaa viatu.