Picha Ikifumba Mara Mbili

Jioni ile picha ya televisheni ilipofumba mara mbili kama jicho, Velika aliinuka kitini, akabandika sufuria ya maharage jikoni na kutoa bakuli mbili kabatini. Bakuli zilipokwisha kukaa mezani ndipo akakumbuka kwamba hakuna mtu anayeshuka mlimani. Mumewe, Zapryan, alikuwa kaburini mwaka wa nne sasa. Ni upepo tu uliokuwa ukichezea waya uliolegea kule juu, kwenye kibanda cha mnara.

Akairudisha bakuli moja kabatini. Haikuwa mara ya kwanza. Kichwa chake kilijua vizuri kwamba Zapryan amekufa. Ni miguu iliyokuwa bado haijaambiwa.

Kijiji cha Sredna Polyana kimekaa bondeni kama kitu kilichoangukia ndani ya kisima. Mawimbi ya televisheni kutoka mjini yalipita juu kwa juu, hayakujua kama kuna watu chini. Wakati ule ushirika wa tumbaku ungali hai na shule ingali na watoto, wanakijiji walikata miti, wakachanga nyaya, na Zapryan, ambaye alikuwa fundi wa redio, akajenga kibanda mlimani. Mtambo wake uliyadaka mawimbi yanayopita na kuyarusha upya bondeni. Tangu siku hiyo kibanda kikawa kama mtoto wake wa pili. Kila jioni alipanda kukitazama, na kabla ya kushuka alizima mtambo na kuuwasha, akazima tena na kuwasha. Maana yake ilikuwa moja: Velika, bandika chakula, naja.

Lakini mnara haujui kunong'ona. Ujumbe wa mtu na mkewe uliingia katika kila nyumba yenye televisheni. Mpira ukiwa umepamba moto, mshambuliaji yuko mbele ya goli, picha inafumba mara mbili, na kilabu kizima kinapiga kelele: "Velika, maharage!" Kwa muda mrefu Velika aliona aibu hata kwenda kununua mkate. Baadaye alizoea. Baadaye zaidi, watu walipoanza kuondoka na makufuli kuning'inia milangoni, hakukuwa tena na wa kumtania, isipokuwa Gancho.

Gancho alikuwa jirani yake, mjane kama yeye, mzee mwenye mguu mbovu na mdomo mzima. Katika upande wao wa kijiji, mabomba ya moshi yaliyokuwa yakifuka yalibaki mawili, lake na la Velika.

Kwa miezi kadhaa maandishi yalikuwa yakipita chini ya kioo: mwisho wa Septemba mitambo ya analojia inazimwa, jipatieni ving'amuzi. Gancho alikipata cha kwake kwenye ofisi ya serikali ya mtaa, akakiunganisha, akakaa mbele yake mchana kutwa. Kilimwandikia neno moja tu, kwamba hakuna mawimbi.

"Zamani," alimwambia Velika kwenye uzio, "kila mechi nilikuwa naiona kwenye chenga, nyeupe kama theluji. Mwezi wa saba, jua linachoma, wachezaji wangu wako kwenye theluji. Nikalalamika. Sasa Mungu kanisikia, kaniondolea theluji na wachezaji na uwanja."

"Rudisha waya wa zamani."

"Nimesharudisha. Hicho king'amuzi kuku amekipenda, analalia juu yake."

Velika hakununua king'amuzi. Vesela, binti yake, aliyekuwa Valencia, Uhispania, akimtunza bibi kizee wa watu, alimtumia simu ya kioo kikubwa ili waonane. Bondeni simu hiyo haikukamata kitu. Ilimbidi Velika apande mpaka uwanja wa kanisa, na hata huko alimwona binti yake akiwa ameganda mdomo wazi, sauti ikija nyuma kama mtu aliyechelewa basi. Akaona heri waandikiane kadi.

Siku ya kuzimwa ilipofika, mchana, gari jeupe liliingia kijijini. Akashuka mwanamume wa makamo mwenye koti la kazi, akaulizia ufunguo wa kibanda. Hakuhitaji kuuliza wengi. Gancho alimwonyesha lango la Velika kwa fimbo, kisha akamfuata ili asikose kitu.

"Habari za mchana, bibi. Naitwa Kaloyan. Nimetumwa kuzima mtambo wenu wa mlimani. Nasikia ufunguo unao wewe."

"Ufunguo umepotea," Velika alisema.

"Unao shingoni," Gancho alisema kutoka kwenye uzio.

Velika akauingiza ufunguo ndani ya sweta. Kaloyan akaangalia pembeni, kama mtu aliyeingia chumbani bila kubisha hodi.

"Ile mikubwa ya mjini inazimwa usiku wa leo," alisema taratibu. "Usipozima huo wa kwenu sasa, kesho utakuwa unarusha hewa tupu."

"Na mnauzimia nini? Unamla nani?"

Kaloyan akaketi kwenye kigogo cha kupasulia kuni. "Nafasi, bibi. Hewani kuna nafasi kama mashamba. Televisheni ya zamani ilikuwa inalima shamba zima kwa stesheni moja. Hii mpya inabana stesheni kadhaa kwenye shamba hilohilo. Sasa mashamba yanayobaki wanapewa watu wa simu."

"Ardhi tena," Gancho alisema. "Baba yangu walimchukulia ardhi wakaitia kwenye ushirika. Mimi wakanirudishia, imejaa miiba. Sasa wanagawa hewa. Sisi kipande chetu kiko wapi?"

"Mtawekewa mnara wa simu hapohapo juu. Si mwaka huu, lakini utawekwa. Ukiwa na mtoto ughaibuni, mnaonana uso kwa uso, jikoni kwako. Na televisheni yenyewe, ipo siku itakuja yote kwa njia ya simu. Hutasubiri taarifa ya habari, utaifungua ukitaka."

Velika alikuwa akisikiliza huku ameshika kifua, pale palipokuwa na ufunguo. "Na hiyo mpya," aliuliza, "inafumba?"

"Inafumba vipi?"

Gancho akakohoa. Safari hii hakutania. "Marehemu mumewe alikuwa anazima na kuwasha mara mbili, kumwambia kwamba anashuka. Mpaka leo upepo ukipiga, picha inafumba. Ndicho anachouliza."

Kaloyan akavua kofia, akaikunja, akaivaa tena. Angeweza kumdanganya, lakini alisema, "Hapana, bibi. Hii mpya haina katikati. Ama ipo, safi kabisa, ama haipo. Ikitikiswa inaganda, halafu inakatika."

Velika alirudia maneno hayo kimoyomoyo. Ama ipo ama haipo. Padri alimwambia vilevile siku ya arobaini, kwa maneno mazuri zaidi. Vesela alimwambia vilevile, akilia, alipokuja kumchukua wahamie wote Valencia, naye akakataa bila kueleza sababu. Angeielezaje? Kwamba anabaki kwa ajili ya waya uliolegea?

"Nitakupa ufunguo," alisema mwishowe, "lakini nitazima mwenyewe."

"Kwa sheria hairuhu—" Kaloyan alianza, akamtazama usoni, akatikisa kichwa kukubali. "Sawa. Wewe mwenyewe."

Walipanda polepole. Velika hakuwa amefika kibandani tangu siku alipobandika tangazo la kumbukumbu ya mwaka mmoja wa kifo cha Zapryan, lenye picha yake. Lilikuwa bado mlangoni, kwa namna fulani. Mvua ilikuwa imeyala maandishi na kuila picha, ikabaki shingo ya shati na masharubu. Kaloyan alisimama mbele yake na kufanya ishara ya msalaba kabla ya kufungua mlango.

Ndani palinuka vumbi la moto na panya. Koti la zamani la Zapryan lilikuwa msumarini. Mtambo ulikuwa ukinguruma kwa sauti ya chini, taa yake nyekundu inawaka. Swichi ilikuwa kando ya dirisha dogo, nyeusi, imelika upande mmoja pale kilipokuwa kikikaa kidole gumba.

Velika aliweka kidole chake hapo, na ndipo alipoangalia nje.

Alikiona kijiji chote kutoka dirishani, na katikati yake, kama kimewekwa makusudi, paa la nyumba yake na bomba lake la moshi. Miaka yote ile alidhani mumewe anatuma ujumbe gizani kisha anashuka tu. Kumbe alikuwa na jibu lake. Alizima, akawasha, kisha akasimama hapa akingoja moshi wa jiko la Velika upande na kuwa mzito, ndipo akavaa koti. Hakuwahi kumwambia. Labda aliona ni jambo ambalo wote wawili wanalijua.

"Bibi, upo sawa?"

"Nipo."

Akazima, akawasha. Akazima tena, akawasha. Akatazama chini.

Bomba lake halikutoa kitu. Bila shaka. Aliyekuwa akibandika sufuria yuko huku juu, mkono kwenye swichi. Alijua hivyo na bado alingoja, jua likazama nyuma ya mlima wa pili, na Kaloyan, mwenye safari ndefu na kibanda kingine cha kuzima, hakumharakisha.

Kisha moshi ukapanda. Haukutoka kwake, ulitoka kwa Gancho. Mwembamba kwanza, halafu mzito, mweusi wa kuni mbichi.

Velika alizima mtambo. Ngurumo ikashuka, ikakoma, na kibanda kikawa kimya kuliko alivyotegemea. Alilichukua koti msumarini. Ufunguo akamwachia Kaloyan mkononi.

Alipofika nyumbani giza lilikuwa limeingia. Gancho alikuwa ameketi kwenye ngazi ya mlango wa Velika, mguu mbovu ameunyoosha, sufuria ya maharage iko pembeni imefunikwa sahani.

"Ilifumba mara mbili," alisema bila kumtazama. "Kwa mpangilio, si ya upepo. Ningekaa tu?"

"Umetia nanaa?"

"Nimetia. Usiniseme kama chumvi imezidi, nimepika nikitazama chenga."

"Ingia basi."

"Siingii. Mguu huu nikiukalisha mara mbili hauinuki." Akajikokota mpaka langoni. Hapo akasimama. "Sasa nitamkasirikia nani mpira ukianza?" aliuliza, kisha akaenda zake.

Velika alitundika koti nyuma ya mlango. Aliwasha televisheni. Chenga zilijaa kioo kizima, nyeupe na nyeusi, zikivuma kama mvua juu ya bati. Nje upepo uliinuka ukatikisa dirisha, naye akageuka kutazama kioo, akangoja. Chenga ziliendelea vilevile.

Alifungua kabati, akatoa bakuli moja. Maharage yalikuwa na chumvi nyingi. Aliyala yote, yangali ya moto.