Bibie Haonekani

Watu walimwita Mama Ndoo, na wala hakuona vibaya. Ndoo ilikuwa yake kweli: ya bati, mpini umezungushiwa kitambaa, ndani nyama ya kumlisha chui. Kila jioni aliigonga kwa kijiti, taratibu, na Bibie, chui jike pekee wa bustani ile ya wanyama, akaja mbio. Hiyo mbio ni ya kusema tu, maana kizimba kilikuwa kidogo hivi kwamba akijinyoosha vizuri ameshafika ukutani. Akishakula aliegemeza ubavu kwenye nondo, pale pale aliposimama Mama Ndoo, akatulia tuli. Mama Ndoo akirudi nyumbani hakuwa na hadithi nyingine, mpaka siku moja mumewe, fundi cherehani, akamuuliza bila kuinua macho kwenye pindo alilokuwa akishona, "Na huyo mume mwenzangu hajambo?"

"Ni jike yule."

"Haya, hajambo lakini?"

Mapenzi hayo ndiyo yaliyompa mdomo. Kila kikao cha wafanyakazi Mama Ndoo alisimama na lake lile lile: Bibie anazunguka, anazunguka, mpaka sakafu ya saruji imeng'aa kama ya benki, apewe nafasi. Wenzake wakishamwona ananyanyuka, wanaagiza chai. Mwisho Meneja alichoka kusikia, akatoa eneo lote nyuma ya ghala, lenye nyasi, mawe na vichaka, likazungushiwa waya. Siku ya kuhama Bibie alisimama mlangoni kitambo, akanusa, akaingia kichakani. Kwaheri ya kuonana.

Hapo ndipo kasheshe ilipoanza. Wageni walikuja, wakakodolea macho majani, wakaenda zao getini kulalamika. Tumeambiwa kuna chui, tumeonyeshwa nyasi. Meneja alikuwa mtu mwema, ila lawama zilimpanda kichwani upesi. Asubuhi moja akamfuata Mama Ndoo kwenye chumba cha nyama, tai imekwenda upande.

"Mama, chui wako amegoma."

"Hajagoma. Amepata pa kukaa."

"Sasa sikia. Leo watu wasipomwona mpaka tunafunga, kesho naleta fundi. Tunakata vichaka, tunapiga waya katikati, abaki kipande cha mbele."

Kipande cha mbele kilikuwa kizimba kile kile, tofauti yake ni kwamba hiki kingenyeshewa mvua.

"Kwani ukigonga ndoo si anakuja?" Meneja akauliza.

"Leo hali."

Na kweli siku hiyo haikuwa ya kula. Kila wiki kulikuwa na siku moja ambayo chui halishwi, tumbo lipumzike, kama porini ambako hapati windo kila siku. Na ndoo tupu haigongwi. Hilo kwa watunza wanyama halina mjadala. Ukimdanganya mnyama leo, siku daktari amekuja na unamtaka aingie ndani, utagonga mpaka mkono ufe ganzi naye amelala anakutazama.

"Basi lete, nigonge mimi."

Mama Ndoo alisita. Angeweza kuweka kijipande cha nyama, akagonga mwenyewe, Bibie akatoka, uwanja ukapona. Lakini alimjua Meneja. Kikifaa mara moja kingetakiwa kila basi la wageni likiingia, na Bibie angekuwa mtu wa kuitwa mbele na kurudishwa nyuma kutwa nzima. Akampa ndoo tupu, roho mkononi, akijua Bibie hajauzoea mkono wa Meneja.

Meneja akagonga. Aligonga kama anafukuza kunguru, na wageni wawili watatu wakacheka. Kichaka kimya. Akapunguza mkono, kimya. Akabembeleza, "Bibie, mama, toka basi, usiniaibishe." Mwisho akaweka ndoo chini, akainama, akaanza kutambaa kando ya waya akichungulia huku tai inafagia vumbi. Mtu mzima akitambaa hakosi watazamaji. Mwanamke mwenye mtoto mgongoni akamsogelea.

"Unatafuta nini, kaka?"

"Chui."

"Yuko wapi?"

"Dada yangu, ningejua ningekuwa natambaa?"

Yule mama akainama naye. Wengine nao wakainama. Watu wale wale ambao jana wangepepesa jicho na kuondoka, leo walibishania kila jiwe la kahawia, huyu anaapa ni mkia, yule anamwambia mkia gani, huo si mzizi. Hakuna aliyekwenda getini. Mama Ndoo alisimama nyuma yao, hajui acheke au aombe dua.

Mara Meneja akaganda. Chini ya kichaka cha mwisho sikio lilitikisika, na chini ya sikio kulikuwa na macho mawili, yametulia, yanamtazama yeye. Yalikuwa yakimtazama tangu alipoanza kugonga.

"Namwona," akanong'ona.

"Wapi?"

"Nyamaza. Fuata lile jiwe refu, shuka kushoto. Taratibu."

Hakurudi ofisini siku hiyo. Kila mgeni aliyefika alishikwa bega na kuonyeshwa jiwe, na kila mmoja aliambiwa nani alikuwa wa kwanza kuliona lile sikio. Walipokuwa wakifunga, Mama Ndoo akajikaza akauliza, "Na fundi wa kesho?"

"Aje kukata nini? Kichaka changu kile?"

Mama Ndoo nusura amkumbatie.

Kesho yake jioni alijaza ndoo, akagonga kwa mtindo wake ule wa taratibu. Bibie alikuja, kwa wakati wake, hana haraka na mtu. Akala akamaliza. Mama Ndoo akasogea kwenye waya kama alivyozoea, akasubiri ule ubavu; tangu kuhama hakuupata, akajiambia ni ugeni tu. Bibie akajilamba, akamtazama, akageuka, akaingia nyasini.

Kumbe miaka yote ile alikuwa hana pengine pa kuegemea. Iliuma, tusidanganyane. Alikuwa amepigania uwanja ule kwa nguvu zake zote, ameupata, na hakuna aliyemwonya kwamba angeupata namna hii. Alilia pale pale, ndoo miguuni, na hata katikati ya kilio alikuwa na furaha. Alipofuta machozi akainama kuchungulia kichakani kama mgeni yeyote, akatafuta, akatafuta, na hakumwona.