Vifungo vya Gauni la Satini

Shangazi alikaa kwenye kiti pekee kilichokuwamo katika duka la magauni, akavua viatu, akaanza kusugua pindo la satini kwa vidole viwili. Alipenda kitambaa kizito. Alisema vyepesi ni vya mapazia.

Bi harusi alikuwa mbele ya kioo, amevaa gaguro tu, akisubiri kuulizwa. Jibu alikuwa nalo. Alikuwa mpiga tarumbeta, na mchumba wake alipiga dramu katika bendi hiyohiyo. Walikuwa wamekubaliana kwamba siku ya harusi watapiga pamoja wimbo mmoja, ule waliokuwa wakiupiga siku walipofahamiana, na hakuna jambo lingine la harusi hiyo alilolitaka kwa moyo wote. Sasa tarumbeta inataka mbavu zitanuke. Kwa hiyo asubuhi nzima alikuwa akipima magauni kwa pumzi: anavaa, anavuta hewa mpaka tumboni, anavua. Kitambaa cha tafeta kilipiga kelele kama karatasi ya peremende kila alipogeuka. Lesi ilimwasha kwapani. Krepu ndiyo iliyomkubali. Ilishuka wima kutoka mabegani, ikavutika alipovuta pumzi, ikarudi alipoitoa.

"Umependa lipi, bi harusi?" mwenye duka aliuliza.

"Hili la kre..."

"Anataka la satini," shangazi akasema. "Ule mshono wa samaki, unaobana mpaka magotini. Na ile mifupa ya kushonewa ndani, kiunoni, asije akaonekana gunia."

Bi harusi akakohoa. Kifungo kikamtoka mdomoni, kikadunda sakafuni, kikaviringika hadi chini ya kiti. Kilikuwa kidogo, cha duara, kimevikwa satini nyeupe. Mwenye duka akakiokota na kukifuta kwa sketi yake.

"Afadhali," alisema. Gauni la satini lilikuwa limemdodea kwa sababu mgongo wa gauni hilo ulihitaji safu ya vifungo vya namna hiyo, kuanzia shingoni hadi kiunoni, na siku hizi havipatikani. Akakijaribu kwenye kitanzi cha chini kabisa. Kilienea sawasawa. "Anavyo vingine?"

"Tumuulize," shangazi akasema.

Wakamuuliza. Na hapo ndipo mtu anapochoka, maana walimuuliza kwa upole kabisa: mikono iwe mirefu au mifupi, shingo iwe wazi au ifungwe, bitana iwe ya pamba au ya nailoni. Kila alipofungua mdomo, shangazi alikuwa ameshajibu, na kila shangazi alipojibu, kifungo kilitoka. Mwenye duka aliishia kumshikia kisahani cha pini chini ya kidevu ili visipotee.

Mama wa bi harusi alikuwa amesimama karibu na mlango, ameshika mikoba ya wote. Alisogea akachungulia kisahani.

"Mimi ninavyo kopo zima nyumbani," alisema. "Lakini vyangu vimeshageuka manjano."

"Vya manjano haviendani na satini, wifi," shangazi akamjibu, na mama akarudi mlangoni.

Walimvika gauni, wakalivuta nyuma watu wawili. Bi harusi aliona hasira ikimpanda mpaka masikioni, akaitumia pumzi iliyobaki kusema neno zima bila kukatwa.

"Shangazi, humu sipumui. Nitapigaje tarumbeta?"

Kifungo hakikutoka. Mwenye duka alitazama kisahani, akasikitika kidogo.

"Nani anakwenda kwenye harusi yake kupumua?" shangazi akasema. "Utapumua Jumatatu."

Walipovishona vifungo vyote, safu ilikamilika isipokuwa kitanzi kimoja, cha shingoni. Mwenye duka alisema pini itatosha.

Siku ya harusi mama ndiye aliyemfunga vifungo, kimoja kimoja. Satini ilisifiwa ukumbi mzima. Shangazi alipita meza hadi meza akiwaeleza wageni kwamba mtoto ana jicho la vitambaa, gauni kalichagua mwenyewe, wao walimsindikiza tu. Bi harusi alikuwa nyuma yake, anasikia, na pini inamchoma.

Kisha bwana harusi akaketi kwenye dramu, akamtazama mkewe, akaanza mapigo ya wimbo wao. Bi harusi akainua tarumbeta. Alivuta hewa, ikafika kwenye mifupa ya gauni, ikagota hapo. Akapuliza. Sauti haikutoka. Kilichotoka mdomoni mwa tarumbeta ni kifungo kidogo cha duara, kimevikwa satini, kikaviringika kati ya meza mpaka kwenye kiatu cha shangazi.

Bwana harusi akarudia mapigo yale ya mwanzo, akimsubiri. Akarudia tena.

Shangazi alikiokota kifungo, akatoa sindano na uzi kwenye mkoba, akaenda nyuma ya bi harusi. Akachomoa pini.

"Tulia, mwanangu," alisema, akakishona palepale shingoni, akakata uzi kwa meno. "Haya. Sasa limetimia."

Watu wakasimama, wakalipigia gauni makofi. Bwana harusi aliupiga wimbo peke yake mpaka mwisho.