Mikono ya Wajumbe

Alhamisi jioni, kikao cha bodi ya kituo cha sanaa kilikuwa kimefikia ajenda ya mwisho, na chai ilikuwa bado ndani ya chupa. Ndivyo Mwenyekiti alivyopanga tangu zamani. Alikuwa mwalimu mkuu kabla ya kustaafu, naye aliamini kwamba mtu akishakunywa hasikilizi tena, kwa hiyo chai haikumiminwa mpaka ajenda ziishe. Wajumbe nao wakawa wepesi wa kukubali. Mwenyekiti alipofika katikati ya sentensi, mikono ilikuwa juu tayari na macho yote yalikuwa kwenye chupa.

Walikuwa watano, wote wa kujitolea. Pembeni mwa Mwenyekiti alikaa Katibu, mtu wa posta mwenye mwandiko mzuri. Mfamasia wa duka la njia panda alikaa dirishani kwa sababu ya joto, na Seremala alikaa karibu na mlango. Mwisho wa meza alikaa fundi cherehani ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Vifungo, maana alipokuwa akishona aliviweka vifungo mdomoni, akaongea navyo humo humo, na hajawahi kumeza hata kimoja.

Ajenda hiyo ya mwisho ilimhusu shangazi yake Mama Vifungo, aliyeishi naye. Shangazi alikuwa mfinyanzi, na alifundisha kituoni tangu rangi ya kwanza ya kuta haijakauka. Chumba cha ufinyanzi kilikuwa juu, na chumba cha kikao kilikuwa chini. Kwa nini ilikuwa hivyo, hakuna aliyekumbuka. Bomba la maji lilikuwa chini, tena ndani ya chumba cha kikao, ambako halikuoshea kitu ila vikombe. Wanafunzi walipandisha maji kwa ndoo na kushusha vyungu kwa kuvikumbatia. Shangazi alizipanda ngazi zile mpaka magoti yake yakakataa. Siku moja wanafunzi walimbeba juu ya kiti. Alipofika aliwashukuru, kisha akawaambia kwamba yeye si kabati, wasirudie tena. Tangu hapo alikaa nyumbani.

"Azimio," Mwenyekiti alisoma. "Chumba cha ufinyanzi kihamie chini, na kikao cha bodi kihamie juu, ili mwalimu wetu arudi kazini. Wanao—"

Mikono mitano ilikuwa juu, na wa Mwenyekiti ulikuwa mmoja wao.

"Limepita kwa kauli moja. Katibu, mimina."

Katibu alimimina kwa mkono wa kushoto, kwa sababu wa kulia haukushuka. Wa Mfamasia nao haukushuka. Kila mtu alijaribu wake taratibu, kama mtu anayejaribu kitasa cha mlango bila kutaka kuamsha waliolala, akakuta hautaki. Hakuna aliyeona vyema kuwa wa kwanza kulisema. Walikunywa chai, wakafunga kikao kwa sala kama kawaida, na wakati wa sala mikono ile haikuonekana ngeni hata kidogo. Kisha wakaagana, wakaenda nyumbani.

"Sasa wewe, mama," Shangazi alimwambia Mama Vifungo alipoingia, "unasimamisha gari gani humu ndani?"

"Tumepitisha azimio lako, Shangazi."

"La kurudi?"

"La kurudi."

"Alhamdulillahi. Basi teremsha mkono tule."

"Hauteremki."

Shangazi aliutazama kuanzia kwapani hadi kwenye vidole. "Haya," alisema, "mpaka hapo mtakapokihamisha hicho chumba," akasogeza sahani upande wa kushoto.

Mapajani alikuwa na kipande cha sabuni. Tangu aache udongo, vidole vyake vilikataa kukaa bure. Aliilowesha sabuni ya kufulia, akaibonyeza, akaitoa kiuno na mdomo kama mtungi. Nyumba ile ilifulia nguo kwa vibakuli na mitungi midogo, na povu lake lilikuwa lile lile. Lakini usiku Mama Vifungo alimsikia akikanda shuka usingizini, naye alijua kwamba sabuni haitoshi.

Wajumbe waliizoea mikono yao upesi kuliko walivyotarajia. Mfamasia aliwapima wote presha, mkono wa kushoto, akasema damu inakwenda vizuri. "Mkono ni mzima," alieleza. "Ni kwamba hautaki." Yeye mwenyewe alishukuru, maana rafu ya juu ya duka lake ilikuwa inamsumbua miaka yote. Seremala aliweka penseli yake huko juu na hakuipoteza tena. Katibu alipiga mihuri ya posta kwa kushoto, na barua zikafika. Mama Vifungo akipita njiani, watu walidhani anawapungia, nao wakampungia. Kwa njia hiyo akajikuta amepatana na jirani ambaye walikuwa hawasemezani tangu ugomvi wa maji machafu. Magari ya abiria yalisimama kila alipokaribia barabara. Makondakta walimwuliza, "Mama, unapanda au unatubariki?" Baadaye nao wakazoea.

Cherehani yake ilikuwa ya miguu, na mkono wa kushoto ulijifunza kuongoza kitambaa. Aliwashonea wajumbe wenzake mashati na magauni yenye vifungo kuanzia kwapani hadi kiunoni, ili mtu avae bila kupitisha mkono. Mwenyekiti alisema hajapendeza hivyo tangu harusi yake.

Alfajiri Mama Vifungo alipopiga magoti kusali, mkono mmoja ulikuwa tayari mahali pake. Alimwomba Mungu amrudishe Shangazi kwenye udongo. Hakuomba mkono ushuke, maana aliona kwamba hilo ni ombi lile lile, na hakutaka kumchosha Mungu kwa maneno mengi.

Kikao kilichofuata kilianza kwa utekelezaji.

"Meza haitoki," alisema Seremala.

Ilikuwa meza ndefu ya mbao ngumu, kazi yake mwenyewe, na ilikijaza chumba toka ukuta hadi ukuta.

"Kwani iliingiaje?" aliuliza Mfamasia.

"Haikuingia. Ilizaliwa humu."

Wote waliitazama meza kwa heshima. Ni kweli, Seremala aliiundia humo humo ndani wakati wa mvua, na siku ile hakuna aliyewaza habari ya mlango.

"Na mimi ngazi," alisema Mwenyekiti, "dawa zangu nanunua kwa huyu, anajua."

"Ngazi si nzuri kwake," Mfamasia alikubali.

"Lakini Shangazi naye—" alianza Mama Vifungo.

"Hilo limeshapita, Mjumbe," Mwenyekiti alimwambia kwa upole. "Hatuwezi kujadili jambo lililopita."

Seremala hakuwa mtu mbaya. Alitoa futi, akainuka, akaanza kuupima mlango, na futi ilipokuwa inanyooka mkono wake ulishuka mpaka usawa wa sikio. Kila mtu aliona. Aliirudia meza, akapima katikati yake, mkono ukashuka mpaka begani. "Ikikatwa hapa, inapita," alisema. Kisha aliipapasa ile mbao, jinsi mtu anavyompapasa mtoto anayepelekwa kuchomwa sindano, akaikunja futi, akaketi. Mkono ukapanda mpaka juu kabisa.

"Tumeona," alisema Mwenyekiti. "Mengineyo?"

Mama Vifungo alikuwa na neno. Alitaka kusema meza ikatwe, na kwamba kama Mwenyekiti hawezi ngazi, kikao kinaweza kufanyika hata uani. Lakini alitazama alipokaa. Kazini kwake watu walimwita "we fundi" na waliongea naye wakiwa wamesimama, mguu mmoja nje. Hapa Katibu alimvutia kiti na kumwambia karibu, Mjumbe. Hapa alikuwa na kikombe chake chenye ua la bluu ambacho hakuna mwingine aliyekigusa. Meza ikishakatwa, mwisho wa meza utakuwa wapi? Mama Vifungo hajawahi kumeza kifungo, lakini neno lile alilimeza.

"Feni," alisema. "Inatugonga vidole."

Ilikuwa kweli, na wote walimshukuru. Walikubaliana kwa mdomo tu, maana hakuna aliyetaka kuukopesha na mkono wa kushoto. Kabla ya juma kwisha, Seremala aliing'oa feni darini na kuifunga ukutani, na upepo ukawa mzuri zaidi.

Miezi ikapita. Siku ya wageni ikafika, siku ambayo kituo hufunguliwa kwa watu wote. Kwaya iliimba uani, wachoraji walitundika picha zao kwenye kamba, na wageni walipochungulia chumba cha kikao na kuona mikono mitano juu, walisema hawajapata kuona bodi yenye umoja namna ile. Walipiga nao picha. Wengine waliinua mikono yao ili wafanane nao, kisha wakaishusha bila shida.

Shangazi alialikwa kama mgeni wa heshima. Kwa kuwa hakuweza kupanda, aliketishwa chini, kwenye kichwa cha meza, na wanafunzi wakamletea udongo ili wageni wamwone akifanya kazi. Ndoo ya maji safari hii ilijazwa bombani hapo hapo, hatua moja tu. Shangazi alifungua mkoba wake, akatoa aproni yake ya zamani. Hakuwa amemwambia mtu kwamba ameibeba.

Aliupiga udongo mezani ili utoe pumzi yake. Aliukanda, akauviringisha, akautumbukizia kidole gumba. Wanafunzi walisogea, naye akaanza kuwasema kama zamani.

"Wewe, unaubembeleza wa nini? Udongo si mkwe wako. Bonyeza."

"Ukipasuka, Bibi?"

"Ukipasuka tunaanza tena. Wewe ulizaliwa unatembea?"

Wanafunzi walicheka. Chungu kikapanda chini ya viganja vyake, na kilipokuwa kinapanda, mikono ya wajumbe ilikuwa inashuka. Wa Katibu ulikuwa wa kwanza, ukafuata wa Mfamasia. Wa Mwenyekiti ulitua juu ya meza, akautumia kukuna sikio lake la kulia, jambo ambalo alikuwa amelitamani kwa muda mrefu. Wa Seremala ulitua karibu na tone la maji ya udongo, naye hakulifuta. Mama Vifungo aliutazama wake ukija kulala mapajani kama ndugu aliyetoka safari. Ulikuwa mwepesi na wa baridi kidogo. Aliushika kwa mkono mwingine, akausugua mpaka ukapata joto.

Chai ilimiminwa kwa mikono ya kulia. Dirisha lilikuwa wazi, bomba lilidondosha tone moja moja, na kwa muda ule chumba kilikuwa kizuri kuliko walivyowahi kukiona. Mama Vifungo alimshukuru Mungu kimoyomoyo, akaona kwamba ombi lake limejibiwa na kwamba hakuna tena la kufanya ila kukaa kimya, mambo yaendelee vilevile.

Lakini Mwenyekiti alikuwa ameguswa moyo, na mtu akiguswa moyo hukumbuka kazi yake. Alisimama.

"Ndugu wajumbe," alisema, "tumejionea kwa macho yetu. Napendekeza azimio letu lithibitishwe upya, kwa uzito unaostahili, kwamba chumba hiki—"

Chai ya pili ilikuwa inangoja. Mikono mitano ikawa juu.

"Limepita," alisema Mwenyekiti. Wageni wakapiga makofi.

Mikono ilikaa juu. Hakuna aliyeshangaa, na kwa kweli mabega yao yalijua mahali pa kurudi. Katibu alimimina kwa kushoto bila kumwaga. Jua lilipopungua wageni wakaondoka, wanafunzi wakaupandisha udongo juu, ndoo kwa ndoo, na Seremala akafuta duara la maji ambalo chungu kiliacha kwenye mbao. Lilifutika lote.

Shangazi na Mama Vifungo walirudi nyumbani polepole, Shangazi ameshika mkono wa kushoto wa mwenzake. Watu njiani waliwapungia.

"Bomba lile lina maji mazuri," alisema Shangazi.

"Tumepitisha azimio tena, Shangazi."

"Nimeona. Nilikuwepo."

"Kwa kauli moja."

"Mmejitahidi, mama." Alisema bila kinyongo, maana siku ilikuwa njema, na kucha zake zilikuwa na udongo.

Nyumbani Mama Vifungo alikaa kwenye cherehani, maana kulikuwa na gauni la mteja la kumalizia. Shangazi alichukua mtungi mmoja wa sabuni, akaifua aproni yake katika beseni, akaisuuza, akaikamua. Kamba ilikuwa imejaa nguo za wateja. Alitazama huku na huku, kisha akaja akaitundika kwenye mkono wa Mama Vifungo, akazivuta pindo zake zikae sawa.

"Usitikisike," alisema.

"Sitikisiki, Shangazi."

Mama Vifungo aliendelea kukanyaga cherehani, vifungo vikiwa mdomoni, mkono wake umesimama imara. Aproni ilikauka vizuri sana. Shangazi akaikunja, akaiweka kabatini, akaketi, akaomba kipande cha sabuni.