Watasema Hajarudi

Gari la wahasi mbwa lilirudi Tongoni alasiri, likasimama karibu na soko la samaki. Zuwena aliepua karai lake la mafuta akaenda kuchungulia gari. Mbwa walishushwa mmoja mmoja wakiyumba kama walevi, kila mmoja amekatwa ncha ya sikio, alama kwamba ameshahasiwa. Aliwatazama wote. Mbwa wake, Watasema, hakuwemo.

Watasema alikuwa jike jekundu aliyehamia nyuma ya kibanda cha Zuwena cha kukaangia samaki tangu mumewe alipofariki. Jina alimpa yeye, kwa kujua majirani watasema tu: mjane wa Kiislamu anamlisha mbwa vichwa vya samaki! Hakumgusa wala hakumwingiza ndani. Alimtupia chakula kwa mbali, na wote wawili wakaridhika.

"Wangu yuko wapi?" alimuuliza Brightness.

Brightness, binti kutoka Maramba aliyesomea uganga wa mifugo, ndiye aliyezunguka vijijini akiwaomba watu wakubali mbwa wachanjwe na kuhasiwa. Wakihasiwa, aliwaambia, hawatazaana ovyo, na kichaa cha mbwa kitapungua. Alichotaka ni watu wamletee mbwa, na wasiwapige mawe wakirudi.

"Shikamoo mama. Yule bado anapumzika kituoni kwetu Pongwe. Kidonda chake kinataka uangalizi."

Alisema hivyo huku akikaza kamba ya turubai ambayo ilikuwa imeshakazwa. Zuwena aliiona ile mikono.

Hadi magharibi maneno yalikuwa yameenea kijiji kizima. Mwinyijuma, shemeji yake Zuwena, hakushangaa. Yeye alifuga mbwa wa kufukuza nguruwe kwenye mihogo, na hakusahau mwaka ule walipopita watu na vipande vya nyama wakidai ni dawa ya minyoo. Kulipokucha mbwa walikuwa wamekufa kwa sumu, wamevimba njia nzima, na nguruwe wakala shamba mpaka mizizi.

"Hawa nao ni walewale," alisema. "Au wanawauza. Mishikaki ya barabarani huko, nani anauliza ni nyama ya nini?"

"Astaghfirullahi, shemeji!"

"Basi niambie wewe mbwa wako yuko wapi."

Tangu hapo, kila gari lilipokuja Zuwena aliuliza, na kila mara Brightness alisema kesho. Watu wakaanza kuwafungia mbwa wao uani. Hatimaye Zuwena alivua aproni, akamwachia jirani yake Mboni kibanda, akaenda kusimama mlangoni mwa gari.

"Leo twende wote."

"Gari limejaa, mama."

"Nitakaa huko nyuma na mbwa."

Brightness akamtazama Nehemia, dereva wake. Nehemia akatazama chini. Zuwena akapanda mbele bila kungoja ruhusa. Walipoacha lami wakashika njia ya vumbi katikati ya mikonge, alikaza kanga yake akajiuliza kama kuna mtu atakayemsikia akipiga kelele.

Walifika kwenye ghala la zamani. Ndani kulikuwa safi, kunanuka dawa. Mbwa walilala juu ya magunia, wengine wakipiga mikia. Zuwena alipita akichungulia kila kizimba mpaka cha mwisho.

"Yuko wapi?"

Brightness akakaa juu ya ndoo. "Alikufa, mama. Hakuamka baada ya dawa ya usingizi. Inatokea mara chache, lakini inatokea."

"Lini?"

"Siku ileile."

"Nawe ukaniambia anapumzika."

"Niliogopa. Tongoni ndiyo kwanza ilikuwa imeanza kutukubali. Nilijua mkisikia, hakuna atakayeleta mbwa tena."

"Mmemzika wapi?"

Nehemia akaonyesha nje, penye tuta la udongo mbichi.

"Fukua," alisema Zuwena.

"Mama, haifai..."

"Umeshanidanganya. Fukua nione."

Nehemia alichimba polepole. Manyoya mekundu yalipojitokeza, Zuwena aliziba pua kwa upindo wa kanga, akageuza uso. Hakutaka wayaone macho yake.

"Basi. Mfukie. Kesho utakuja kuyasema haya mbele ya watu, kwa kinywa chako. Usipokuja nitayasema mimi, na mimi sitakuwa na huruma."

Brightness alikuja. Alisimama kwenye baraza ya ofisi ya kijiji akasema yote. Watu wakapiga kelele. Wengine wakawakokota mbwa wao wakaondoka. Mwinyijuma akanyanyuka.

"Na hayo mengine uliyotuambia, lipi la kweli?"

"Yote, mzee. Ila sina namna ya kuwalazimisha mniamini."

Zuwena ndiye aliyejibu. "Afanyie kazi yake hapahapa barazani. Asiondoke na mbwa hata mmoja, na anayetaka kuona aone."

Minong'ono ikapita. Mboni, ambaye mjukuu wake aliwahi kung'atwa na mbwa wa kichaa wakahangaika naye kutafuta sindano, akasema yeye ataleta wake.

"Na wangu," alisema Mwinyijuma mwishowe. "Lakini nitasimama juu ya kichwa chako."

Siku ya kazi baraza ilijaa. Wengine walikuja kusaidia, wengi walikuja kungoja kosa. Mbwa wa Mwinyijuma alilazwa mezani, ulimi nje, na Brightness akaanza kukata. Jasho lilimtiririka asiwe na mkono wa kulifuta. Zuwena alikuwa amesogea mpaka ukingo wa meza.

"Anapumua?" aliuliza.

"Anapumua, mama."

"Sikukuuliza wewe," alisema Zuwena, akainama kuutazama mwenyewe ule ubavu ukipanda na kushuka.