Bureti Namba Sita

Mama Chupa, mtunza maabara, alikuwa amepiga magoti kwenye sakafu ya maabara ya shule, anaokota vigae vya kioo kwa pamba iliyoloweshwa maji. Vile vikubwa alishaviokota kwa mkono. Sasa alikuwa akiwinda vidogo, vile vinavyometa ukiinamisha kichwa na kupotea ukikiinua. Rafu iliyoliwa na mchwa ilikuwa bado inaning'inia ukutani kwa msumari mmoja. Mara tatu alikuwa ameandika barua kuomba seremala, na mara tatu Mkuu wa shule alikuwa ameandika pembeni kwa wino mwekundu: "Tusubiri."

Juu ya rafu ile zilikuwepo bureti kumi, mirija mirefu ya kioo yenye alama ubavuni na bomba dogo chini la kutolea tone moja moja. Tisa zilikuwa zimevunjika. Bila bureti hakuna mtihani wa vitendo wa kemia, na mtihani ulikuwa umebakiza siku kumi na tisa. Watahiniwa walikuwa arobaini. Mmoja wao ni binti wa marehemu mdogo wake, ambaye Mama Chupa alimlea tangu wa kubebwa mgongoni, na ambaye alishajaza fomu za chuo cha uuguzi na kuzificha chini ya godoro kama barua za mapenzi.

Alitandika gazeti mezani akawapanga maiti wake, vipande vya bureti. Sheria ilikuwa na umri wa miezi saba. Kila chombo cha kioo cha maabara kichongwe namba. Kikivunjika, vipande vyake vipelekwe ofisi ya vibali pamoja na namba hiyo, ndipo shule iruhusiwe kununua kingine. Kuazima shule ya jirani nako kunataka kibali. Walisema ni kuzuia watu kupika dawa za kulevya. Siku waraka uliposomwa, Mama Chupa alicheka kwa sauti katikati ya kikao. Wapikaji kila mtu aliwajua, walikuwa nyuma ya soko, na walipikia kwenye masufuria na ndoo za plastiki. Hajatokea mtu aliyeombwa kibali cha sufuria.

Moja, mbili, tatu, nne, tano. Saba, nane, tisa. Ile nzima ilikuwa namba kumi. Alizipata zote ila sita. Alipekua vumbi hadi magoti yakakataa.

"Imekuwa unga," alimwambia Mkuu.

Mkuu alisimama mlangoni, hakuingia. "Mimi simo, mama. Sahihi kwenye daftari ni yako."

"Na rafu?"

"Rafu haina namba."

Asubuhi iliyofuata alipanda kwenda ofisi ya vibali, amebeba vigae kwenye kopo la rangi lililooshwa. Mlinzi wa getini alichungulia ndani.

"Mama, nyumba imebomoka?"

"Bado. Naisubiri serikali ifike."

Mlinzi alicheka akamfungulia. Ukumbini sakafu ilikuwa ya marumaru, na kiatu chake cha kulia kiligonga, tik, tik, kila alipokanyaga. Changarawe, alijisemea. Viatu vyake vya kazi vilikuwa na soli nene za raba zenye mifereji, huokota kila kitu. Kando ya ukuta yalikuwepo maboksi yamerundikwa hadi kifuani, yamezungushiwa utepe. Moja lilikuwa limechanika. Ndani yake aliona bureti, nzima, zimelala juu ya majani makavu. Alihesabu vichwa kumi na viwili asijue kwamba amesimama.

Afisa wa vibali alikuwa kijana mwenye kitambi kipya. Kalamu zake zilisimama kwenye bika, kopo la kioo la maabara lenye mdomo uliopinda. Kwenye dirisha, flaski mbili, chupa za maabara zenye shingo nyembamba, zilibeba maua ya plastiki.

"Mama Chupa! Shikamoo!"

Alimtambua kwa meno. Kidato cha tatu, benchi la nyuma. "Marahaba. Kumbe ni wewe! Sasa nimefika nyumbani."

"Umefika, mama. Karibu kiti."

Alimimina vigae juu ya gazeti, akampangia namba moja moja. Afisa alizitia alama kwenye fomu. Kalamu ikasimama.

"Sita iko wapi?"

"Ni hii hapa. Pale penye namba pamesagika. Unga."

"Unga hauna namba, mama."

"Mwanangu, wewe unaijua bureti. Unajua inavyovunjika. Wewe mwenyewe ulinivunjia mbili, na nikafagia nikanyamaza."

Afisa alicheka, akafunika mdomo kwa faili. "Enzi hizo ilikuwa ajali."

"Na sasa ni nini?"

"Sasa ni chombo kisichojulikana kilipo." Aliandika hivyo hivyo, polepole, kwa mwandiko mzuri. "Mimi sisemi umekiuza. Lakini fomu ina nafasi mbili tu: kimevunjika, au hakijulikani kilipo. Andika maelezo yako hapa, uweke sahihi."

Aliandika: imesagika, imekuwa unga. Akaweka sahihi. Kisha akaonyesha kidole ukumbini.

"Na zile kwenye boksi? Niazime siku moja tu. Nitazirudisha mwenyewe, zimeoshwa."

"Zile ni ushahidi."

"Wa nini?"

"Kesi ya shule moja. Nao walipoteza moja."

Jioni, kwenye ngazi ya nyumba, alivua viatu. Tik ile ilikuwa imemkera njia nzima. Aligeuza kiatu cha kulia, akachokonoa mfereji wa soli kwa pini ya nywele. Kilidondoka kiganjani kipande kidogo kama ukucha wa mtoto, kimekwaruzika, na katikati yake sita, imetulia kabisa.

Alipiga kelele mpaka binti akatoka jikoni na mwiko mkononi.

"Mama mkubwa, nini?"

"Tumeipata! Nilikuwa naikanyaga! Nimewapelekea mpaka ofisini kwao, nikarudi nayo!"

Walicheka hadi wakashikana mabega. Binti alikifunga kile kipande kwenye kitambaa, akakipiga busu.

Kesho yake, ofisini, afisa hakucheka. Alikiweka kipande juu ya fomu, akavuta maelezo ya jana.

"Jana uliandika imekuwa unga. Na sahihi."

"Jana sikujua. Leo namba hii hapa. Ulisema unataka namba."

"Nilitaka jana. Sasa kuna maelezo mawili yanayopingana, mama, na moja kati yake ni uongo. Mtu akitafuta atauliza: kama ilikuwepo, aliificha kwa nini?"

"Kwenye kiatu, mwanangu! Mtu anaficha kioo kwenye soli anayokanyagia?"

"Ndipo wanapofichaga." Alisema bila kumtazama. "Nitalipeleka suala hili polisi. Siyo mimi, ni utaratibu. Wewe subiri."

Alisubiri. Alikwenda ofisini mara nne, na mara ya nne mlinzi wa getini hakumtania. Shuleni, watahiniwa arobaini walifanya mazoezi kwa bureti moja, tone likihesabiwa kwa zamu, wengine wakiigiza kwa mikono mitupu: wa kushoto unafungua bomba, wa kulia unatikisa flaski. Mama Chupa aliwazungukia. "Taratibu. Tone moja. Ile rangi ya waridi ikipotea, acha hapo hapo." Aliamini kwamba angalau ile moja wangeipokezana, wachache wangepona.

Asubuhi ya mtihani gari lilisimama mbele ya maabara. Aliposhuka afisa, Mama Chupa alikimbia kama msichana, akidhani lile boksi limekuja. Afisa alishuka mikono mitupu, na polisi mmoja nyuma yake.

"Nimeifuata namba kumi. Ziliandikishwa pamoja, zinachunguzwa pamoja."

"Leo? Saa hii?"

"Barua imetoka leo."

"Watapata sifuri. Wote. Binti yangu yumo humo ndani."

"Mama, usinifanye nionekane mbaya."

Polisi aliingia, akafungua kishikio cha stendi, nguzo ya chuma inayoisimamisha bureti, akatoka na bureti ameibeba kama bunduki. Afisa aliegemeza fomu kwenye boneti ya gari.

"Hali ya chombo. Andika: nzima."

Mama Chupa aliandika. Nzima. Akaweka sahihi.

Hakuruhusiwa kuingia, anayechunguzwa hakai na watahiniwa. Alisimama nje ya dirisha. Ndani, msimamizi mgeni alitazama saa yake akasema, "Anzeni." Stendi kumi zilikuwa zimefumbata hewa. Watoto walisoma mstari wa kwanza, Jaza bureti, wakatazamana. Mkuu alikuwa ukutani, anasoma tangazo la mwaka jana.

Binti ndiye aliyesimama. Alishika flaski yake kwa mkono wa kulia, akaunyoosha wa kushoto kwenye kishikio kitupu, akafungua bomba ambalo halikuwepo. Taratibu. Tone moja. Alitikisa flaski, akaiinamia, akatikisa tena, midomo ikihesabu. Rangi ya waridi ilibaki ya waridi.