Firigisi ya Bakuli la Bluu

Hivi wewe unayenisoma, ukiulizwa leo unapenda kula nini, ungejibu bila kumtaja mtu mwingine? Mimi niliulizwa ndotoni nikashindwa, na umri huu nina wajukuu saba.

Ilikuwa Alhamisi ya mvua, ile mvua yetu ya Tukuyu isiyojua kukatika. Nilichinja tetea aliyeacha kutaga, nikamkatakata, nikamtia sufuriani. Firigisi niliipasua, nikaiosha mara mbili kwa chumvi, nikaiweka kwenye bakuli la bluu na kulifunika kwa kisahani, maana kwetu firigisi ni ya baba mwenye nyumba, nayo huchomwa mwisho, akishakaa. Baba mwenyewe, mume wangu Anyosisye, alikuwa amehamia Kyela kwa mwanamke mwingine miezi minane nyuma, baada ya miaka thelathini na mmoja ya ndoa. Mkono wangu haukuwa na habari hiyo. Kila nikipika kuku nilimfunikia, na asubuhi paka alikula.

Saa saba mchana simu ikalia, kumbe ni yeye. Alisema mambo ya kule yamemshinda, Jumapili anarudi na begi lake, nimuwekee firigisi yake. Nikamjibu, "Haya, Baba Tumpe." Simu ilipokatika niliogopa nyumba tupu, na niliogopa Jumapili, na sikujua hofu ipi ilikuwa kubwa. Nikajilaza mkekani pale jikoni nikisubiri kuku aive, usingizi ukanichukua.

Nikajiona natembea katika nchi yenye rangi ya majivu, migomba yake haina mikungu, na katika kila dirisha nililochungulia niliona meza ya watu wawili na kiti kimoja. Hakuna aliyekohoa, hakuna jogoo aliyewika, hata mvua ya huko ilianguka kimya kama inaangukia pamba. Mwanamke mrefu, mwembamba, akaja kutembea ubavuni mwangu. Nikamjua. Alikuwa Upweke, niliyemkimbia miezi minane kwa kuwasha redio kutwa nzima.

"Usiniogope, Subilaga," akasema.

Nikasimama. Tangu tumzike mama yangu hakuna aliyeniita jina hilo. Mimi ni Mama Tumpe, mimi ni Bibi.

Akanipeleka kwenye nyumba ndefu ya mzee mnene aitwaye Mazoea, mwenye uso wa upole na funguo kiunoni. Mzee alinikaribisha kwa heshima zote, akanionyesha kigoda changu kilekile karibu na mlango, akaniambia nisijisumbue kufikiri, yeye amekwisha kunifikiria. Ukutani kulikuwa na rafu, na juu ya rafu mabakuli ya bluu yamefunikwa kwa visahani, yamepangana mpaka macho yakachoka kuyafuata. Upweke akaniuliza taratibu, "Wewe unapenda nini?"

"Baba Tumpe anapenda..."

"Sijamuuliza yeye."

Nikajaribu tena. Nikamweleza kwamba chai tunakunywa bila maziwa kwa ajili ya tumbo lake, na taa tunazima mapema kwa ajili ya macho yake. Kila neno lilitoka na Anyosisye ndani. Ndipo Aibu, mke wa Mazoea, akanijia mbio na kuniziba mdomo kwa kiganja cha baridi. "Bibi mzima," akanicheka, "meno yenyewe umebakiza mangapi? Unataka nini tena?" Mazoea naye akacheka kidogo, kwa adabu.

Upweke hakugombana nao. Alisema tu kwamba hana chakula cha kunipa wala moto wa kuota. Alichonacho ni ukimya, na kwenye ukimya mtu husikia tumbo lake mwenyewe. Kisha akanyamaza, nami nikanyamaza muda mrefu, huku ukimya ukiniuma. Nikalisikia. Ilikuwa njaa ya zamani sana, njaa ya msichana wa darasa la tano aliyesimama jikoni kwa mama yake, akinusa bakuli la baba asilothubutu kuligusa. Nikauondoa mkono wa Aibu mdomoni, nikashika kisahani.

Nikaamka. Sufuria ilikuwa inafurika, makaa yanalia. Nyumba ilikuwa tupu vilevile, na Upweke hakuwa ameondoka. Nilimhisi amekaa pale kwenye kiti cha Anyosisye. Lakini nilikwisha kumfahamu. Katika maisha yangu yote ni yeye peke yake aliyeniuliza, na mimi nilikuwa nikimfungia mlango.

Nikapiga simu. Anyosisye akapokea akiuliza kama nataka aje na mchele wa Kyela.

"Usije, Anyosisye."

Sikuwahi kumwita kwa jina. Akauliza kama ni Tumpe, binti yetu, aliyenijaza maneno. Nikamwambia Tumpe hayupo, hakuna mtu hapa, niko peke yangu.

"Sasa unataka nini, Mama Tumpe?"

Nikaepua sufuria. Nikafunua bakuli la bluu, nikailaza firigisi juu ya makaa, nikaisikiliza inavyochomwa.

"Nataka firigisi," nikasema. "Niile mwenyewe, ingali ya moto."